Safu ya Maelekezo

Chuoni watu wengi wanaamini kazi yangu ni kutengeneza printa. Nimewaeleza mpaka nimechoka. Nimeajiriwa na maktaba kuwasaidia watafiti watunze data zao, zisipotee, mtu mwingine akizifungua azielewe, na muda ukifika wenzao nao wazitumie. Wananisikiliza kwa adabu, wanatikisa vichwa, kisha wananiuliza kama nikipata nafasi naweza kupita ofisini kwao niangalie ile printa.

Wanaoielewa kazi yangu ndio wanaonisumbua zaidi. Hao hunijia tarehe ya mwisho ya mfadhili ikiwa mlangoni, jasho linawatoka, na flashi wameifunga pamoja na funguo za gari. Ndani ya flashi kuna picha za harusi, mahubiri, filamu za watoto, na katikati ya vurugu hiyo umelala utafiti mzima. Unafungua faili unakuta safu imeandikwa "mpya sahihi", na pembeni yake nyingine imeandikwa "mpya sahihi hii hapa". Ukimuuliza mwenyewe zinatofautiana nini, anaikodolea macho skrini kama vile faili si lake.

Huyu ninayetaka kumsimulia nitamwita Daktari, maana ndivyo anavyopenda kuitwa, hata msibani. Si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele nitamkasirikia sana, na sitaki msomaji adhani nilimchukia tangu mwanzo.

Utafiti wake ulihusu namna kaya zinavyopata chakula baada ya mazao kuharibika. Wadodosaji wake walikwenda Tindiga, ambako mpunga na mahindi huchukuliwa na maji, na wakaenda vijiji vya pembeni mwa Mikumi, ambako tembo hutoka hifadhini na kumaliza shamba usiku mmoja. Walipita nyumba kwa nyumba kwa awamu mbili, wakiwauliza watu walewale. Awamu ya tatu ilikuwa inapangwa. Mfadhili wa nje alikuwa ameweka sharti kwamba data zote ziwekwe wazi mtandaoni, watafiti wengine duniani wazione, na kwamba mtu wa data wa chuo aandike maelezo yake na kuyasaini. Mtu huyo ni mimi.

"Dada yangu, data ziko safi kabisa," Daktari aliniambia siku alipozileta. "Majina nimetoa. Namba za simu nimetoa. Wewe gonga muhuri tu."

"Sina muhuri, Daktari. Na hii nane ni nini?"

Kwenye swali la idadi ya milo, watu wengi wa Tindiga walikuwa wamejibu nane. Kaya zilizokosa mpunga, na bado zinakula milo minane kwa siku! Daktari aliinama, akaitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Atakuwa anajua kiongozi wa wadodosaji," akasema. "Yuko Kilosa. Halafu nadhani na kile kishikwambi walichokusanyia data za Mikumi anacho yeye."

Nadhani! Data za nusu ya utafiti zimo kwenye kishikwambi kilichoko nyumbani kwa mtu Kilosa, na mwenye utafiti anadhani. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimwambia sitaandika mstari hata mmoja wa maelezo mpaka nione kile kishikwambi kwa macho yangu, na kama ni Kilosa basi twende Kilosa. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nilishangaa pia jinsi alivyotulia kuhusu tarehe ya mwisho. Watafiti wengine wakati kama huo hata chai haiwashuki, lakini yeye njia nzima kutoka Morogoro, tulipopita Dumila na Magole, alikuwa akimchokoza dereva wa chuo kuhusu timu yake iliyofungwa.

Kiongozi wa wadodosaji anaishi Mabwerebwere, hukohuko Kilosa. Ni mama kijana mwenye duka dogo la vifaa vya shule, na kazi za udodosaji huzifanya zikitokea. Alitupokea vizuri, akatuwekea soda, akaingia ndani, akatoka na kishikwambi kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Kilikuwa kimejaa katuni. Watoto wake walikuwa wakikitumia tangu awamu ya pili iishe.

"Lakini za kazi sijafuta," alisema haraka, baada ya kuuona uso wangu. "Ziko kwenye folda yake."

Zilikuwepo, nikamshukuru Mungu. Na nane nayo ikapata maana yake. Waliokataa kujibu waliwekewa nane, kwa sababu fundi aliyetengeneza dodoso hakuweka sehemu ya "amekataa". Hiyo ndiyo siri ya milo minane ya Tindiga: watu waliona aibu kusema wanakula mara ngapi. Safari nzima ya Kilosa kwa jambo ambalo lingeandikwa kwa sentensi moja siku ileile lilipoamuliwa! Nililiandika kwenye kompyuta yangu kwa kubonyeza vitufe kwa nguvu, mpaka Daktari akaniuliza kama kuna tatizo.

Tatizo lilikuja baada ya hapo. Nilikuwa nalinganisha data za kishikwambi na lile faili safi la Daktari, safu kwa safu. Jina halipo. Simu haipo. Kisha nikafika kwenye safu iliyoitwa maelekezo, ikiwa imejaa maneno kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Hii nini?" nikamuuliza yule mama.

Uso ulimchangamka. Safu hiyo aliibuni mwenyewe. Alinieleza kwamba awamu ya kwanza walichukua majina kamili, yale ya kwenye kitambulisho, na waliporudi awamu ya pili wakahangaika kweli. Ukitaja jina la kitambulisho kijijini unaonekana umepotea. Hata mwenyekiti wa kitongoji anakuna kichwa. Mtu anajulikana kwa mtoto wake wa kwanza, au kwa anachouza, au kwa kilichopo mbele ya nyumba yake, na nyumba hazina namba. Na Tindiga maji yakishapita, mtu unamkuta kahamia kwa kaka yake. Basi akawaagiza vijana wake kila nyumba waiandikie maelekezo, kwa namna ambayo hata mgeni akishushwa pale na bodaboda atafika bila kuuliza mara mbili.

"Tulimaliza awamu ya pili hatujapoteza hata kaya moja," alisema.

Na kweli, kwa kazi yake, lilikuwa wazo zuri. Mwenye kosa hakuwa yeye. Mwenye kosa alikuwa amekaa kando yangu anakunywa soda ya tangawizi.

"Daktari, hii safu imebaki kwenye faili la kuweka wazi."

"Hayo si majina," alisema. "Ni mazingira tu. Tena watafiti wengine watayapenda."

Nilimsomea mstari mmoja, kwa sauti ya chini. Mikumi. Mwanamke, mjane. Nyumba ya tofali za kuchoma upande wa pili wa mashine ya kusaga, mlango wa bluu, mfenesi mkubwa mbele, anauza mafenesi barabara kuu. Halafu nikapeleka kidole kwenye safu ya nyama walizokula: nyamapori, bila kibali. Na mwisho kabisa, kwenye maoni, mdodosaji mwenye bidii alikuwa ameongeza kwamba huletewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

Kwa asiyefahamu, nyamapori bila kibali ni kesi. Hiyo si faini ya kulipa ukaenda zako, ni kifungo. Mjane wa watu alikuwa amemtaja ndugu wa mumewe kwa mtu aliyemwambia kwamba majibu yote ni siri.

"Sasa nani atoke Ulaya aje kumtafuta mama wa Mikumi?" Daktari alisema. "Dada, unakuza mambo."

Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Mtu amesoma mpaka vitabu vimekwisha, lakini anaamini hatari lazima ije kwa ndege! Nilimuuliza: askari wa hifadhi hana intaneti? Jirani mwenye ugomvi wa mpaka hana mtoto aliyeko chuoni? Akasema hizo ni nadharia. Nikamwambia vizuri, hatutarudi kwa njia ya Dumila, tutapitia Mikumi tukazione hizo nadharia. Alilalamika kuhusu vumbi, akalalamika kuhusu mafuta, lakini dereva alikuwa upande wangu, maana Mikumi ana ndugu yake anayemuuzia mchele.

Tulifika saa ya chakula. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, na wachuuzi wanapita na ndizi na korosho. Nilimwambia Daktari anyamaze, asimame tu karibu yangu. Nikamwendea kijana wa bodaboda wa kwanza niliyemwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tunatafuta nyumba moja. Tumeambiwa ni upande wa pili wa mashine ya kusaga, ina mlango wa bluu na mfenesi mkubwa mbele."

Sikufika hata kwenye habari ya kuuza mafenesi.

"Si kwa yule mama wa mafenesi? Nifuateni."

Akawasha pikipiki. Nilimtazama Daktari, na Daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Tulimfuata yule kijana kwa gari taratibu, tukaipita mashine ya kusaga, tukakata kona, na mfenesi ukajitokeza mbele yetu, mkubwa kama ulivyoandikwa, mafenesi yamening'inia tangu kwenye shina. Mlango ulikuwa wa bluu. Kijana alinyoosha mkono, akatupungia, akaondoka kurudi kijiweni.

Mama mwenyewe alikuwa kivulini anafunga mafenesi kwenye kiroba. Alikuwa mtu mzima, kanga kiunoni, mikono imepakwa mafuta ya kupikia ili utomvu usimgande. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba wanangu, akatutolea kigoda na kiti cha plastiki. Daktari akakaa kwenye kigoda. Nilijitambulisha kwamba tunatoka chuoni, kwa wale waliokuja na maswali ya chakula.

"Karibuni. Mmeleta majibu?" aliuliza. "Walisema wataleta majibu."

Hakuna aliyekuwa ameleta majibu. Nilisema tumekuja kuangalia kwanza kama kazi ilifanyika vizuri. Alitikisa kichwa, kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Lakini nyie siwajui. Yule binti aliyekuja na kile kidude hamko naye. Hapa mmepajuaje?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema mwenyekiti ametuelekeza, tungekunywa maji, tungeondoka. Lakini nilikuwa nimekuja kuonyesha jambo, na jambo lenyewe lilikuwa limekaa mbele yangu linanisubiri.

"Paliandikwa, mama. Mlango, mfenesi, mashine ya kusaga. Tumesoma tu."

Aliacha kufunga kiroba.

"Na yale ya nyama yameandikwa?"

"Yameandikwa."

"Na shemeji yangu?"

"Jina halipo. Ila imeandikwa ni shemeji."

"Shemeji ninaye mmoja," alisema. Hakupandisha sauti. "Yule binti alinisomea karatasi. Akaniambia mama, hili ni la mimi na wewe. Nikamwona kama mwanangu. Sasa hizo habari zipo kwa nani?"

Nilitaka kumjibu kwamba zipo kwetu tu, kwenye kompyuta yangu ndani ya gari, na kwamba leo hii naifuta safu ile mbele ya macho yake. Nilishafungua mdomo. Daktari akakohoa.

"Mama, kuna sehemu zimewekwa," alisema, huku akitazama viatu vyake. "Mtandaoni. Ni kwa ajili ya elimu tu."

"Zimewekwa lini?" nikauliza mimi.

"Wiki iliyopita. Tarehe ilikuwa inabana, dada. Nikaona niweke faili kwanza, maelezo yako yafuate."

Kumbe ndio ule utulivu wote! Mimi nagombana naye njia nzima kuhusu faili nililodhani bado tunalo, na faili limeshatoka zamani, lipo huko nje pamoja na mfenesi na shemeji, mtu yeyote duniani analifungua bila hata kuulizwa jina. Sikumbuki nilimjibu nini. Dereva aliniambia baadaye kwamba nilimwita "wewe" mbele ya watu, Daktari mzima, na naamini. Yule mama alikuwa akitusikiliza tunavyobishana kwake, na mafenesi yake hayajafungwa. Nilimshika mkono uleule wenye mafuta nikamwambia nitaziondoa hizo habari, mama. Alitusindikiza mpaka kwenye gari kama mila inavyotaka, akasimama hapo mpaka tukaondoka.

Nilianza kupiga simu kabla hatujatoka mjini. Tulipoingia ndani ya hifadhi mtandao ukakatika, nikakaa na simu mkononi nikitazama swala na twiga bila hamu nao. Hazina ya mtandaoni alikoliweka lile faili iko nje ya nchi, na ukiwaandikia unajibiwa na mashine inayokushukuru kwa ujumbe wako. Nikaandika tena. Mtu akajibu kwa upole kwamba ombi la kuondoa data linatakiwa kutoka kwa aliyeziweka. Daktari naye akasema kwanza amuulize mfadhili, asije akaonekana amevunja sharti. Mfadhili alikuwa likizo. Nilikwenda kukaa ofisini kwake, kwenye kiti cha wageni, nikamwambia siondoki mpaka aandike. Wanafunzi walikuwa wakichungulia mlangoni na kurudi. Aliandika mwishowe, kwa kunung'unika, na baada ya siku kadhaa za kuandikiana faili lilishushwa.

Ila ukurasa ulibaki, na kwenye ukurasa kuna kihesabu cha watu waliolipakua. Hakikuwa sifuri.

"Labda ni mimi mwenyewe," Daktari alisema. "Nilikuwa najaribu kama linafunguka."

"Mara zote hizi?"

"Labda."

Chuo kikaitisha kikao. Tukakaa, tukanywa chai, ikaamuliwa uandaliwe mwongozo, na kabla ya mwongozo iandaliwe semina. Niliwaambia mwongozo upo, niliuandika mimi, upo kwenye tovuti ya maktaba kwa miaka sasa. Mwenyekiti wa kikao akanipongeza sana, akapendekeza niuwasilishe kwenye semina. Kuhusu yule mama hakuna aliyeuliza. Nilipomtaja niliambiwa kwamba suala la mshiriki mmojammoja lipo chini ya kamati nyingine.

Nilikwenda mwenyewe. Mpunga ulikuwa umeshaanza kuvunwa Tindiga nilipopata siku za mapumziko, nikapanda basi la Iringa nikashuka Mikumi. Nilitaka nimwambie kwa mdomo wangu kwamba faili limeondolewa. Kijiweni nilimkuta kijana mwingine wa bodaboda, nikamwambia nipeleke kwa mama wa mafenesi, kule kwenye mfenesi mkubwa, mlango wa bluu.

"Mfenesi gani?" alisema. "Huko hakuna mfenesi, mama."

Nilidhani ni mgeni wa mji. Nikamwambia anishushe mashine ya kusaga, nitatembea. Nilikata kona, nikafika nyumba zinapoishia, nikarudi. Niliipita nyumba yake mara mbili. Mlango ulikuwa mweusi, umepakwa oili chafu ya gari kuanzia juu mpaka chini, na harufu yake ilikuwa haijaisha. Mbele, palipokuwa na kivuli, jua lilikuwa linapiga juu ya kisiki. Magogo yalikuwa yamepangwa ukutani, na ukutani huohuo mafenesi madogo mabichi, ambayo hayafai kuuzwa wala kupikwa, yamelundikwa yanaoza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alitoka akasimama mlangoni. "Umenipata?"

"Nimekupata kwa shida."

"Afadhali."

Alinikaribisha ndani, kwa sababu nje hapakukalika tena. Nilimweleza yote, kwamba zimeondolewa, kwamba safu ile haipo tena popote chuoni, kwamba hata mimi nimeifuta kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na walioichukua kabla hamjaondoa?"

"Hatuwajui, mama."

"Basi ndivyo nilivyofikiri," alisema. "Hao wakija watauliza mfenesi. Waulize."

Nilimuuliza habari za shemeji. Alisema baada ya siku ile alimweleza, asingeweza kumficha, na shemeji alichukua mkewe na vyombo akaenda kulima kwa wakwe zake, na tangu hapo hajatuma hata salamu. Alikuwa ndiye anayemlimia shamba. Mwaka huu shamba halijalimwa. Nikamuuliza sasa anauza nini barabarani. Aliangalia nje, kule kwenye kisiki.

"Siuzi," alisema.

Niliona aibu, na chini ya aibu niliona hasira ileile, safari hii haina pa kwenda, kwa sababu mtu pekee aliyekuwepo mbele yangu ndiye aliyekuwa amefanya kazi yetu. Kile ambacho Daktari, mfadhili, kamati na mimi tulitakiwa kukitoa kwenye faili, yeye alikitoa kwenye uwanja wake, kwa shoka.

Nilikuwa kituoni nasubiri basi la kurudi Morogoro simu ilipoita. Alikuwa Daktari, amechangamka. Mfadhili amerudi kutoka likizo, ameelewa, fedha za awamu ya tatu zimepita. Safari hii, alisema, atafanya kila kitu kwa mwongozo wangu, na safu ya maelekezo haitakuwepo kabisa.

"Tatizo langu moja tu, dada," alisema. "Yule mama wa mfenesi wa Mikumi. Bila maelekezo, vijana watampataje?"

"Hawatampata," nikamwambia, nikapanda basi.